B-26 Ipi Hasa? Ndege Moja ya Douglas na Majina Iliyobadilishiwa

Picha za vita vya Congo vya mwaka 1964 na 1965 zikirudi mitandaoni, ubishi huwa uleule. Mmoja anaandika kwamba ndege zilizoishambulia Stanleyville, Kisangani ya leo, zilikuwa B-26. Wa pili anamkatalia: B-26 zilikwisha kuwa chuma chakavu baada ya Vita Kuu ya Pili. Wa tatu anasema hapana, hizo ni A-26. Wa nne anaongeza kwamba ndizo zilezile ambazo Waingereza walitumia kupiga mabomu msitu wa Aberdare wakati wa Mau Mau.

Wa kwanza na wa tatu wamesema kweli wote wawili. Wa pili anazungumzia ndege nyingine kabisa iliyowahi kubeba jina hilohilo. Wa nne amekosea ndege na amekosea jeshi.

Tuanze na herufi, maana hapo ndipo fundo lilipo. Katika jeshi la Marekani la wakati ule, herufi ya kwanza ilitaja kazi. B ni ndege ya mabomu: inapanda juu, inapita kwa mstari ulionyooka, inaachia mzigo wake. A ni ndege ya mashambulizi: inashuka chini, pengine usawa wa vilele vya miti, na kupiga kinachoonekana kwa macho, kama daraja, treni au msafara wa malori. Namba ilikuwa ya foleni tu ndani ya kila kundi. Kwa hiyo A-26 na B-26 zilikuwepo kwa wakati mmoja, kama timu mbili ambazo kila moja ina mchezaji wake wa jezi namba 26.

B-26 ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Martin, ikaitwa Marauder. A-26 ilitengenezwa na Douglas, ikaitwa Invader. Vita vilipokwisha, Marauder ziliondolewa jeshini na nyingi zikavunjwavunjwa. Mwaka 1948 Jeshi la Anga la Marekani likafuta kundi zima la A. Invader ikahamishiwa kundi la B, na kwa kuwa jezi namba 26 ilikuwa wazi, ikavalishwa hiyo. Kuanzia hapo, mtu akisema B-26 katika vita vya Korea, Cuba, Vietnam au Congo, anasema Invader ya Douglas. Akisema B-26 ya Vita Kuu ya Pili, anasema Marauder ya Martin. Tarehe peke yake inatosha kumaliza sehemu kubwa ya ubishi.

Kama picha haina tarehe, tazama umbo. Marauder ni mviringo na nono kama sigara kubwa, propela zake zina panga nne, na nyuma kabisa kwenye mkia kuna mahali pa askari wa kufyatua rashasha. Invader ina bodi nyembamba yenye ubavu ulio bapa, propela za panga tatu, na mkia unaochongoka bila mtu nyuma. Na zile za Waingereza juu ya Aberdare na Mlima Kenya? Hizo zilikuwa Avro Lincoln, zilizokuwa zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi, kati ya 1953 na 1955. Lincoln ina injini nne na mapezi mawili ya wima mkiani. Invader ina injini mbili na pezi moja. Hata picha yenye ukungu haiwezi kuzichanganya.

Kuna sifa mbaya moja pia ambayo Invader imebebeshwa bure: kwamba B-26 ilikuwa "mtengeneza wajane". Hilo lilikuwa jina la utani la Marauder, ambayo mwanzoni ilikuwa na mabawa madogo na kutua kwa kasi kubwa, ikawaua marubani wengi waliokuwa bado mafunzoni. Mabawa yakaongezwa, mafunzo yakarekebishwa, na ikamaliza vita ikiwa na rekodi nzuri. Invader ilikuwa na ugonjwa wake mwingine, na tutaufikia.

Ilivyoundwa

Kiongozi wa usanifu wake Douglas alikuwa Ed Heinemann. Ndege ya majaribio iliruka mara ya kwanza tarehe 10 Julai 1942 huko California, na hadi uzalishaji unasimama ziliundwa karibu 2,500 katika viwanda vya Long Beach na Tulsa. Urefu wake ni kama mita 15 na upana wa mabawa mita 21. Kasi yake ya juu ilifika takriban kilomita 570 kwa saa, jambo kubwa kwa ndege ya mabomu ya wakati huo. Ndani ya tumbo ilibeba kilo 1,800 za mabomu.

Nguvu ilitoka kwenye injini mbili za Pratt & Whitney R-2800, kila moja ikiwa na silinda 18 zilizopangwa duara katika safu mbili, kama petali za ua lililolala juu ya ua jingine. Hazina rejeta, zinapozwa na upepo unaopita kati ya silinda. Ukubwa wake ni lita 46. Gari dogo la lita 1.5 linahitaji wenzake 30 kufikia injini moja kama hiyo. Zilitoa nguvu ya farasi 2,000 kila moja.

Pua ndiyo sehemu inayotofautisha aina zake, na ni muhimu kuikumbuka kwa sababu baadaye iliibua kashfa ya kimataifa. Invader ya B ilikuwa na pua iliyozibwa, ndani yake rashasha sita au nane za milimita 12.7. Invader ya C ilikuwa na pua ya kioo, ambamo mlengaji alikaa na darubini yake ya kulengea mabomu. Herufi hii ya mwisho ni ya toleo, si ya kazi: B-26B na B-26C ni ndege ileile yenye pua mbili tofauti, na mafundi waliweza kuzibadilishana.

Rashasha za juu na chini ya bodi hazikushikwa kwa mkono. Askari mmoja alikaa nyuma ya tumbo la mabomu, akatazama kwa darubini yenye vioo vya kupindisha mwanga, na mitambo ya umeme ikazigeuza rashasha kufuata macho yake. Kwa hiyo wafanyakazi walikuwa watatu tu: rubani, baharia wa angani, yaani mwongoza njia, aliyekaa kuliani kwake, na huyo wa nyuma. Marauder ilihitaji watu saba.

Kukataliwa, kisha kukubaliwa

Zilipopelekwa New Guinea katikati ya 1944, marubani wa Pasifiki walizikataa, na Jenerali George Kenney aliyewaongoza aliwaunga mkono. Sababu ilikuwa ya kweli. Ndege za huko zilishambulia zikiwa chini sana, nyingi pamoja, na kila rubani alipaswa kumwona mwenzake wa kando. Injini kubwa za Invader zilitokeza mbele usawa wa macho ya rubani, na paa la chumba chake lilikuwa bapa lenye vyuma vya fremu. Kuangalia kando ilikuwa kama kuchungulia barabara ukiwa umekaa katikati ya malori mawili.

Ulaya, ambako ziliruka juu zaidi, kasoro hiyo haikuuma sana. Ziliingizwa kazini Septemba 1944 na zikapokelewa vizuri. Douglas ikabadilisha paa kuwa la kioo lililoinuka na kufunguka pande mbili kama kombe la chaza. Rubani akaona kando, na hata kuruka kwa mwavuli kukawa rahisi kidogo.

Korea ndiko ilikokomaa, na kazi yake kubwa huko ilikuwa ya usiku. Mchana barabara za Korea Kaskazini zilikuwa tupu. Malori na treni vilisubiri giza. Rubani alitafuta taa za msafara, akashuka kati ya milima ambayo hakuiona, akapiga lori la kwanza na la mwisho ili yaliyo katikati yakwame. Usiku wa tarehe 14 Septemba 1951 Kapteni John Walmsley alipiga treni hadi risasi zake zikaisha, kisha akawasha taa kubwa iliyofungwa chini ya bawa na kuimulikia treni hiyo ili mwenzake aipige. Taa ile ilimfanya yeye mwenyewe kuwa shabaha rahisi kuliko zote. Akatunguliwa na kufa, na akapewa Nishani ya Heshima. Mabomu ya mwisho ya vita hivyo, dakika chache kabla ya kusitisha mapigano tarehe 27 Julai 1953, yaliachiwa na B-26.

Kuanzia hapo Invader ikawa ndege ya vita vya wengine. Ufaransa iliitumia Indochina, zikiwemo siku za vita vya Dien Bien Phu, Vietnam, mwaka 1954, kisha Algeria. Mwaka 1958 Allen Pope, rubani aliyetumwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kuwasaidia waasi wa Indonesia, alitunguliwa karibu na Ambon akiwa katika B-26 na kukamatwa hai. Siri ikaishia hapo. Ureno ilijipatia chache kwa njia ya magendo na kuzitumia Angola. Hata Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria, ilikuwa nazo.

Pua iliyotoboa siri

Aprili 1961 CIA iliandaa uvamizi wa Cuba kwenye Ghuba ya Nguruwe. Jeshi la Fidel Castro lilikuwa na B-26, kwa hiyo mpango ulikuwa kupaka B-26 za wavamizi rangi na alama za jeshi la Cuba, ili ionekane kwamba marubani wa Castro wenyewe wameasi. Tarehe 15 Aprili zikashambulia viwanja vya ndege vya Cuba kutokea Nicaragua, na moja ikatua Miami, rubani wake akijidai kuwa mwasi aliyetoroka.

Waandishi wa habari walitazama pua. B-26 za Castro zilikuwa na pua za kioo. Iliyotua Miami ilikuwa na pua iliyozibwa yenye rashasha nane. Balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa, Adlai Stevenson, ambaye hakuambiwa ukweli, alikuwa tayari ameonyesha picha ya ndege hiyo mbele ya dunia kama ushahidi kwamba nchi yake haihusiki. Yote hayo kwa sababu mtu fulani katika mpango hakujali tofauti ya B na C.

Ugonjwa wa boriti

Sasa tufike kwenye kasoro iliyokaribia kuimaliza. Kila bawa la ndege linashikiliwa ndani na boriti, na kazi yake haina tofauti na ya boriti ya dari ya nyumba ya Pwani: ndiyo inayobeba, mengine yote ni ngozi. Ndege inaporuka, bawa linavutwa juu na bodi inaning'inia chini, hivyo boriti inapinda kidogo. Inapotua, inapinda upande wa pili. Chukua waya, ukunje na kuukunjua mahali pamoja. Mara ya kwanza haukatiki, wala ya kumi, lakini utakatika, na hautatoa onyo lolote la kuonekana kwa macho. Hiyo ndiyo maana ya uchovu wa metali. Ndege haichoki kwa miaka, inachoka kwa idadi ya mikunjo na ukali wa kila mkunjo.

Invader zilizopelekwa Vietnam Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilikuwa na umri wa karibu miaka 20 na zilipewa kazi inayokunja vibaya kuliko zote. Mabomu yalitundikwa chini ya mabawa, ndege ikatembea juu ya viwanja vyenye mashimo ikiwa imejaa, kisha ikapiga mbizi na kuvutwa juu ghafla, mara kadhaa kwa safari moja. Mwaka 1963 bawa la moja lilikatika vitani. Februari 1964, katika maonyesho kwenye kambi ya Eglin, Florida, bawa jingine likachomoka angani mbele ya watazamaji na wafanyakazi wake wakafa. Zilizokuwa Vietnam zikaondolewa.

Kampuni ya On Mark ya Van Nuys, California, ilikuwa tayari inaujua ugonjwa huo, kwa sababu ilikuwa ikigeuza Invader kuwa ndege za matajiri na makampuni. Katika ndege hizo boriti ilikatiza chumba cha abiria, na mtu alilazimika kuinama au kuiruka ili kupita. On Mark iliiondoa hapo na kuweka pete ya chuma inayozunguka bodi. Kwa jeshi walifanya kazi tofauti. Walichukua Invader 40, wakazivua hadi mifupa, wakafunga mikanda ya chuma cha pua juu na chini ya boriti urefu wa bawa, wakaongeza matangi ya mafuta ya zaidi ya lita 600 kwenye kila ncha ya bawa, na wakaondoa rashasha za juu na chini. Pezi la mkia likapanuliwa, kwa sababu injini mpya zilitoa farasi 2,500, na injini moja ikizimika, ile nzima huipindua ndege upande wa iliyokufa. Bila pezi kubwa rubani hana cha kushindana nayo.

Farasi hao 500 wa ziada walitokana kwa sehemu na maji. Wakati wa kupaa, mchanganyiko wa maji na pombe ulipulizwa kwenye injini ili kupoza hewa na mafuta, visije vikalipuka kabla ya wakati. Ni tatizo lilelile ambalo fundi wa gereji huliita injini kugonga. Ukilizuia, unaweza kuikamua injini zaidi. Propela mpya nazo ziliweza kugeuza msukumo kurudi nyuma baada ya kutua, hivyo ndege ikasimama kwenye uwanja mfupi.

Hiyo ndiyo B-26K, na chache kati yake zilienda moja kwa moja Congo.

Congo, 1964 na 1965

Waasi waliojiita Simba, kwa Kiswahili kilichokuwa lugha ya mashariki yote ya Congo, waliiteka Stanleyville Agosti 1964. Serikali ya Léopoldville, Kinshasa ya leo, haikuwa na marubani wa ndege kama hizi. CIA ikaajiri Wacuba waliokimbia utawala wa Castro, baadhi yao wakiwa maveterani wa Ghuba ya Nguruwe, na B-26K zikapakwa alama za Congo.

Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 B-26K zilitangulia juu ya uwanja wa Stanleyville, nyuma yake zikaja ndege za mizigo aina ya C-130 za Marekani zikimwaga askari wa miamvuli wa Ubelgiji zaidi ya 300. Walipofika chini, askari hao waliondoa mapipa na magari yaliyozuia njia ya kutulia, kisha ndege nyingine zikashuka. Lengo lao lilikuwa kuwaokoa mateka wa kigeni walioshikwa na waasi. Wengi waliokolewa, makumi waliuawa, na Wacongo waliokufa katika mji huo na barabara zake wiki hizo walikuwa wengi kupita kiasi, na hawasimuliwi hata robo ya wanavyosimuliwa wageni.

Aprili 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na kundi la Wacuba kuwasaidia waasi, akakaa hadi Novemba. Kwa hiyo msituni walikuwepo Wacuba wa Castro, na angani Wacuba wanaompinga Castro, katika vita ambavyo amri nyingi kwa wapiganaji wenyewe zilitolewa kwa Kiswahili. Anayesema B-26 za Congo zilirushwa na mamluki wa Kizungu wa Mike Hoare anachanganya mambo: hao walikuwa wa ardhini.

Jina lilibadilishwa tena Mei 1966. Marekani ilitaka kuziweka Thailand, lakini serikali ya huko wakati huo haikutaka ndege za mabomu zikae nchini. Bila kugusa hata skrubu, B-26K ikaitwa A-26A, ndege ya mashambulizi, na tatizo likaisha kwenye karatasi. Kutoka Nakhon Phanom ziliwinda malori usiku kwenye Njia ya Ho Chi Minh, barabara za siri za ugavi wa Vietnam Kaskazini, nchini Laos hadi Novemba 1969, kazi ileile ya Korea.

Kutoka mabomu hadi moto wa misitu

Kazi yake ya mwisho ndiyo ambayo binafsi naiona bora kuliko zote. Canada, hasa kampuni za Conair huko Abbotsford na Air Spray huko Red Deer, zilinunua Invader zilizostaafu, zikaondoa rashasha na kuweka tangi la zaidi ya lita 3,000 mahali pa mabomu. Kilichoifaa vita kiliifaa kazi hii. Tumbo la mabomu liko katikati ya uzito wa ndege, hivyo mzigo wa tani tatu ukitoka mara moja, pua haichupi juu wala kuzama. Na nguvu ya injini zile humtoa rubani bondeni haraka.

Wengi hudhani ndege kama hizo humwaga maji juu ya moto. Kinachomwagwa mara nyingi ni maji yenye chumvi za mbolea aina ya fosfeti ya amonia, gundi ya kuyafanya mazito yasitawanywe na upepo, na rangi nyekundu ya oksidi ya chuma ili rubani anayefuata aone mstari ulipoishia. Nao hauwekwi juu ya moto, unawekwa mbele yake. Chumvi hizo hufanya majani na mbao zigeuke makaa badala ya kutoa gesi zinazowaka, na zinaendelea kufanya kazi hata maji yakikauka. Ukimwaga juu sana, mzigo hutawanyika kuwa ukungu usiosaidia kitu. Ukimwaga chini sana, huanguka kama ukuta na kuvunja miti na hata kuua watu. Kimo kizuri ni kama mita 50 hivi, na mbele hutangulia ndege ndogo inayoonyesha njia ya kuingilia na ya kutokea.

Air Spray ilizirusha hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo zinazoruka ni chache, mikononi mwa vikundi vya wahifadhi, na A-26A moja imehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Jeshi la Anga la Marekani huko Dayton, Ohio. Ukiiona yenye matangi kwenye ncha za mabawa na mgongo usio na rashasha, ni moja ya zile 40.

Wanaozirusha bado wana shughuli moja kabla ya kuwasha. Injini ya duara ikikaa bila kuwashwa, oili huteremka na kujikusanya katika silinda za chini. Oili haikandamiziki. Ukiwasha hivyohivyo, pistoni inagonga ukuta wa oili na konrodi, fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Pengine injini itawaka, kisha ivunjike ikiwa angani. Ndiyo maana watu huisukuma propela kwa mkono, wakihesabu panga moja baada ya nyingine, swichi zikiwa zimezimwa. Ikigoma, hawailazimishi wala hawairudishi nyuma, kwani oili itaingia kwenye bomba la hewa na kurudi baadaye. Wanafungua plagi za silinda za chini, wanaiacha oili itiririke, wanarudisha plagi, na kuanza kuhesabu upya.